Hekalu liko juu: Korea Kusini kwa miguu, kutoka Seoul mpaka Haeinsa

Watu wamekuwa wakiniuliza bei na njia tangu nirudi, kwa hiyo nimekaa na kijidaftari changu na picha za kwenye simu nikapanga kila kitu siku kwa siku. Ni safari ya Oktoba 2025. Tiketi ya ndege siigusi maana kila mtu na bei yake, viza nilichukua ubalozini kabla ya kuondoka na ilinila muda kuliko hela, basi anza mapema. Majina ya wenzangu siyaweki, sikuwaomba ruhusa, kwa hiyo humu utakutana na Dada, nesi wa Kifilipino mwenye mdomo mrefu na miguu ya chuma, na Mchile, kijana mpole anayesimama kila hatua tatu apige picha ya jani, halafu baadaye kidogo anaingia Mwalimu, na huyo ndiye aliyeigeuza safari yote.

Kitu kimoja ujue kabla hatujaondoka. Mahekalu mengi makubwa ya Kibudha Korea yako milimani, na hilo lina historia yake. Enzi za ufalme wa Joseon, kuanzia 1392, watawala walifuata mafundisho ya Confucius na Ubudha ukabanwa sana, ikafika mahali watawa wakakatazwa hata kuingia mji mkuu, na marufuku hiyo ilikuja kuondolewa 1895. Mahekalu ya mijini yakafifia, ya milimani yakabaki. Kwa hiyo ukisema unaenda kupanda mlima Korea, hekalu utakutana nalo tu, na ukisema unaenda hekaluni, andaa magoti.

Jumanne: Seoul, Bukhansan

Tulikutana jikoni hosteli usiku wa kuamkia siku hiyo, Dada anakaanga mayai, Mchile anauliza kila anayeingia kama kesho anaenda mlimani. Mimi nilipanga kwenda peke yangu, nikasema haya, twendeni wote. Kitanda kwenye chumba cha watu sita kilikuwa kama won (hela ya Korea) elfu 28 kwa usiku.

Asubuhi tukapanda treni za chini hadi reli ya Ui-Sinseol, katreni kadogo ka mabehewa mawili, ukishuka mwisho kabisa wa reli umeshafika mlimani. Nauli ya msingi won 1,550. Nje ya kituo ni maduka ya nguo za mlimani yamepangana, na wazee, jamani wale wazee! Mtu ana miaka sabini, kavaa glavu, kofia, fimbo mbili, begi limefungwa vizuri utadhani anaenda vitani, anakupita bila hata kuhema. Mchile alikuja na raba za kutembelea mjini ambazo soli yake imeisha. Bahati nzuri pale Ui-dong kuna kituo cha utalii wa milima cha jiji la Seoul, wanaazimisha viatu na vifaa kwa wageni kwa bei ndogo sana, unabeba tu pasipoti yako. Kama unasafiri na mzigo mdogo usihangaike kubeba mabuti kutoka nyumbani.

Tulipanda kwa barabara ya lami mpaka hekalu la Doseonsa, na hapo nilikaa kuliko nilivyotegemea. Kuna sanamu ya Buddha imechongwa kwenye mwamba, mbele yake uwanja una mikeka, na kwenye mikeka wamama wamejaa, wanasujudu na kuinuka, wanasujudu na kuinuka, wengine wameweka picha ya mtoto mbele yao. Dada ndiye aliyeuliza. Kumbe Novemba kuna mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, na ni siku nzito kiasi kwamba nchi nzima inanyamaza, ndege zinazuiwa kupaa na kutua wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza, sasa wamama wanakuja kuwaombea watoto wiki na wiki. Mmoja alikuwa na mto mdogo wa magoti umechanika pembeni, umeshonwa kwa uzi mwekundu, na umechanika tena.

Kutoka pale mpaka kilele cha Baegundae, mita 836, ni mawe mwanzo mwisho. Sehemu ya juu ni mwamba mtupu, unajivuta kwa nyaya za chuma, wanaopanda na wanaoshuka mnapishana hapohapo. Beba glavu, hata za bei rahisi, nyaya zinakula mikono. Foleni ya kupiga picha na bendera juu ilikuwa ndefu, tukaamua kukaa pembeni tule biskuti zetu.

Hatukuzila. Kundi la wazee waliokuwa karibu wakatuita kwa mkono, wakasogea, tukakaa. Matango yamekatwa, mayai ya kuchemsha, kimbap (wali uliosokotwa ndani ya mwani), machungwa madogo, kila nikimaliza mtu ananijazia mkononi. Wakauliza natoka wapi, nikasema Tanzania, wakatazamana, halafu mmoja akapiga kelele “Kilimanjaro!” na wote wakacheka wakaanza kuimba. Kuna wimbo wao wa zamani wenye Kilimanjaro ndani yake, watu wa umri ule wote wanaujua. Swali lililofuata unalijua: umeupanda? Nikasema hapana. Yule mzee akanitazama, akatazama mwamba tuliokaa, akatazama tena mimi, akanipa yai lingine.

Huyo ndiye Mwalimu. Alifundisha jiografia sekondari, amestaafu, anakaa Daegu, mji wa kusini, alikuja Seoul kupanda na wenzake aliosoma nao. Kiingereza chake kinatosha, kikikwama anatoa simu itafsiri. Akachukua simu yangu akaandika namba yake ya KakaoTalk, programu yao ya kutumiana ujumbe, akasema mkifika kusini nitafuteni. Nikajua ni yale maneno ya kuagana tu.

Tuliposhuka tukala pajeon, chapati nene ya mayai na majani ya vitunguu, na Mchile akaagiza makgeolli, pombe yao ya mchele. Vileleni kwenye hifadhi za taifa pombe imepigwa marufuku tangu 2018, kwa hiyo watu wanajizuia juu halafu wanalipiza huku chini. Kila mmoja alitoa kama elfu 13.

Jumatano mvua ilinyesha kutwa, tulifua nguo.

Alhamisi: Seoul kwenda Sokcho

Hapa nilipoteza asubuhi nzima kwa sababu ya tiketi. Programu ya kukatia tiketi za basi iligoma kupokea kadi yangu ya benki, nikajaribu ya pili ikagoma, na kila ikigoma inakurudisha mwanzo kabisa uandike jina upya. Dawa yake ni rahisi: nenda stendi yenyewe, dirishani wanapokea kadi za nje au hela taslimu bila maneno. Tatizo ukichelewa mabasi ya karibu yamejaa, na kweli tulikaa stendi tukila maandazi ya mvuke mpaka saa nane mchana.

Nauli ilikuwa kama elfu 20, viti vitatu kwa mstari, unalala kabisa. Masaa mawili na nusu uko baharini upande wa mashariki.

Kuhusu ramani: tulipokuwa Korea Google Maps ilikuwa haikupi njia ya kutembea kwa miguu, weka Naver Map au KakaoMap kabla ya kufika. Na nunua kadi ya T-money duka lolote dogo la barabarani, inafanya kazi kwenye treni na mabasi ya karibu miji yote, ila kuiongezea salio wanataka hela taslimu.

Jioni tukavuka kwenda kijiji cha Abai kwa gaetbae, pantoni bapa lisilo na injini. Kuna waya umetoka ng’ambo moja hadi nyingine, abiria mnapewa ndoano za chuma mnauvuta wenyewe huku mnarudi nyuma hatua kwa hatua. Nauli kama won 500 na kazi unafanya wewe! Kijiji chenyewe kilianzishwa na watu waliokimbia kutoka kaskazini wakati wa vita vya Korea wakidhani watarudi kwao vita vikiisha. Tulikula ngisi aliyejazwa wali na mboga, akakatwa vipande, akachovywa yai na kukaangwa. Kama huli nguruwe uliza kwanza kilichojazwa ndani. Hata kimbap za madukani nyingi zina ham, nyama ya nguruwe, tafuta zilizoandikwa chamchi, ni za jodari.

Ijumaa: Seoraksan, mwamba wa Ulsanbawi

Basi namba 7 linatoka mjini hadi mlangoni mwa hifadhi. Siku ya kawaida ni safari fupi, lakini mwezi wa kumi majani yanageuka rangi na Wakorea wote wanahamia Seoraksan, kwa hiyo foleni ilianza mbali na lango, dereva akafungua mlango, watu wakashuka kutembea kama kitu cha kawaida tu. Tukashuka nao.

Kwenye hifadhi hulipi kiingilio. Zamani hekalu la Sinheungsa lilikuwa linatoza kila anayepita, tangu Mei 2023 mahekalu mengi ya madhehebu ya Jogye yaliacha kutoza, kwa hiyo blogu za zamani zikikuambia uandae hela ya hekalu zisikutishe. Karibu na mlango kuna Buddha wa shaba ameketi, urefu mita 14 na ushee, amejengwa kuombea Korea mbili ziungane. Watu wanapiga picha wanapita. Mimi kiukweli hakunigusa.

Kilichonigusa ni Gyejoam, kijihekalu kilichoingizwa ndani ya pango, mtawa mmoja anapiga kipande cha mti na kuimba, sauti inajaa mwamba wote, na nje mbele ya pango kuna jiwe kubwa la Heundeulbawi ambalo ukilisukuma linatikisika ila halianguki. Familia zinapanga foleni kulisukuma. Dada akasukuma kwa bega, akaapa limesogea, Mchile akasema ni wewe uliyesogea, wakabishana hilo mpaka juu.

Na huko juu sasa. Ngazi za chuma zimepigiliwa ubavuni mwa mwamba, ukitazama chini katikati ya vyuma unaona miti midogo mno. Nilihesabu mpaka mia tatu nikaacha. Kilele ni mita 873, upande mmoja bahari na mji wa Sokcho, upande wa pili kilele cha Daecheongbong chenye mita 1,708, na bonde lote lina nyekundu na njano juu, kijani bado chini. Upepo ulikuwa mkali, Mchile akafunga kofia kwa kamba ya kiatu.

Mama mwenye nyumba tuliyolala ndiye aliyetupa kisa cha mwamba ule usiku, kwa kuandika kwenye simu na kutuonyesha. Zamani milima mizuri yote iliitwa ikajenge vilele elfu kumi na mbili vya mlima Geumgangsan, ule mwamba ukatoka Ulsan, kusini kabisa, lakini ni mzito, ukachelewa, ukafika hapo ukasikia nafasi zimejaa. Kurudi kwao ukaona aibu. Ukabaki. Alipomaliza alicheka mwenyewe akatuletea sahani ya gam, matunda ya vuli yenye rangi ya chungwa na umbo la nyanya, yaliyoiva mpaka unayala kwa kijiko.

Jumamosi: Treni ya pwani

Basi mpaka Gangneung, halafu treni mpya inayoshuka pwani ya mashariki, ilifunguliwa Januari 2025, kabla ya hapo kwenda Gyeongju kutoka huku ilikuwa kazi. Masaa kama manne, chini kidogo ya elfu 30, ukae upande wa kushoto. Njiani nilimtumia Mwalimu ujumbe, nikiwa sitegemei kitu. Akajibu kabla treni haijatoka kwenye handaki: kesho, saa tatu asubuhi, mlango wa hekalu la Bulguksa, mvae viatu vizuri.

Jumapili: Gyeongju, Bulguksa hadi Seokguram

Mji mzima ulikuwa unafagiliwa na kupakwa rangi kwa ajili ya mkutano wa marais wa APEC, umoja wa kiuchumi wa nchi za Asia na Pasifiki, mwishoni mwa mwezi, maua yamepandwa mpaka kwenye visiwa vya barabara, vyumba vimepanda bei. Tulilala watatu kwenye chumba cha sakafu ya moto, hakuna kitanda, godoro jembamba tu na joto linatoka chini. Magoti yangu yalishukuru.

Mwalimu alishafika, na begi la mgongoni limevimba. Bulguksa ilijengwa upya na kupanuliwa kuanzia 751, enzi za ufalme wa Silla, ikachomwa 1593 Wajapani walipovamia, mbao zote zikaungua yakabaki mawe. Majengo ya mbao unayoyaona leo mengi yamejengwa upya kati ya 1969 na 1973, lakini ngazi za mawe na minara miwili uwanjani ni ile ya zamani kabisa. Mwalimu akatoa sarafu ya won 10 mfukoni akainyanyua mbele ya mnara wa Dabotap, jicho moja kafumba, mpaka mnara wa kwenye sarafu ukakaa sawa na mnara wenyewe. Kila mmoja wetu akajaribu. Sarafu hiyo sasa hainunui chochote, alisema alikuwa anawapa wanafunzi kila akiwaleta hapa.

Halafu wote waliokuja na mabasi wakapanda basi namba 12 kwenda pango la Seokguram, sisi tukachukua njia ya msituni, kilomita mbili na kitu, saa moja ya kupanda taratibu. Katikati ya njia kuna chemchemi na benchi. Mwalimu akakaa, akatoa pea kubwa, ile ya Kikorea ya duara kama kichwa cha mtoto, akaimenya kwa kisu kidogo cha kukunja bila kukata ganda, ganda likashuka likazunguka likagusa kiatu chake. Akakata kipande, akakichoma kwa ncha ya kisu, akampa kwanza Dada, kisha mimi, kisha Mchile. Akafanya hivyo duru nzima mara kadhaa, mwenyewe akala kile kilichobaki kwenye kokwa. Mchile akataka kumenya la pili, Mwalimu akakataa, akasema mdogo anamenya akishafundishwa, na wewe bado hujafundishwa.

Seokguram yenyewe nitasema ukweli: Buddha wa granaiti aliyeketi ndani ya kuba ni mzuri kupita maelezo, mabega, mikono, ule utulivu, lakini unamwona nyuma ya kioo, picha hairuhusiwi, na foleni inakusukuma. Kioo kina sababu. Wajapani walipokarabati miaka ya 1910 walizungushia saruji, unyevu ukaanza kukusanyika ndani, tangu hapo ni mashine za hewa na kioo. Walioshuka kwenye basi walimaliza dakika tano wakarudi kwenye basi. Ningekuja hivyo ningesema nimepoteza siku. Kwa miguu, na lile pea tumboni, niliona imelipa.

Mchana tukala wali na mboga na samaki wa kuchoma, elfu 12 mtu, sahani ndogondogo zimejaa meza na zikiisha unaongezewa bure. Tulipoinuka kulipa tukakuta Mwalimu ameshalipa alipojifanya anaenda chooni.

Jumatatu: Daegu, Gatbawi

Treni kutoka Gyeongju ni muda mfupi tu. Mizigo tuliiacha kwenye makabati ya stesheni ya Dongdaegu, tukapanda basi namba 401 mpaka mwisho wa njia, mlima Palgongsan, hifadhi ya taifa mpya tangu mwisho wa 2023.

Gatbawi ni Buddha wa jiwe ameketi kama mita 850 juu, kichwani ana jiwe bapa kama kofia ya msomi, na Wakorea wanaamini anatimiza ombi moja kwa kila anayekuja kwa moyo. Moja tu. Kofia yake wanasema inafanana na kofia ya mhitimu, kwa hiyo fikiria wiki tatu nne kabla ya mtihani hali inakuwaje. Ngazi 1,365, namba wanayoipenda maana inaishia na 365, siku za mwaka, na kwenye ngazi zote hizo ni wamama, wababa, bibi wameshikwa mkono na wajukuu, taa za karatasi, kipaza sauti kinarudia sala moja bila kukoma.

Bibi mmoja mdogo, mgongo umepinda, alikuwa anapanda na mfuko wa mchele wa kutoa sadaka. Nikaomba nimbebee. Akakataa kwa mkono. Nikaomba tena, Mwalimu akamweleza, bibi akanitazama kutoka viatu mpaka nywele, akanipa. Mfuko ulikuwa mzito mno, sijui aliufikishaje pale. Tulipofika juu akauchukua, akauweka mwenyewe, akasujudu, halafu akaja akanipa pipi mbili za tangawizi na kunipiga mgongoni kama ng’ombe aliyelima vizuri. Mwalimu alisema anamwombea mjukuu wa jirani, wake wote walishamaliza shule.

Mchile aliomba nini hakusema. Dada aliomba miguu ya Mchile iongeze mwendo.

Jumanne na Jumatano: Haeinsa

Kutoka stendi ya magharibi ya Daegu basi la Haeinsa ni mwendo wa saa moja na zaidi, haifiki elfu 10. Usishuke hekaluni moja kwa moja. Shuka chini, penye jumba la maonyesho la Tripitaka, yaani maandiko ya Kibudha, uanze njia ya Sorigil, kama kilomita saba pembeni mwa mto, mbao na madaraja, mteremko mdogo, hata mtu asiyepanda milima anaiweza. Maji yanapiga kelele kiasi kwamba mnaacha kuongea. Tulitembea karibu masaa matatu kwa sababu ya Mchile na majani yake.

Kilichotuleta kipo jengo la juu kabisa: mbao za kuchapia zaidi ya 81,000, zilizochongwa karne ya 13 wakati Wamongolia wameivamia nchi, maandiko yote ya Kibudha, herufi kwa herufi, kinyumenyume. Siku tuliyokwenda sisi huingii ndani, unachungulia kwenye nafasi za vibao vya madirisha, unaona mirundo gizani na harufu ya mti mkavu inakujia. Mwalimu akatuzungusha kuonyesha madirisha: ukuta wa mbele ya chini makubwa ya juu madogo, ukuta wa nyuma kinyume chake, hewa inaingia inazunguka inatoka, na sakafu ina mkaa, chumvi na chokaa kunywa unyevu. Hakuna feni wala umeme wa kupooza. Miaka ya 1970 walijenga ghala la kisasa, wakajaribu kuweka mbao chache, zikaanza kuharibika, wakazirudisha. Na 1951 wakati wa vita, rubani Kim Young-hwan aliamriwa kulipiga eneo hilo kwa mabomu akakataa. Mwalimu alilisema hilo taratibu, akatulia, akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Yeye akarudi Daegu na basi la jioni, sisi tulilala hekaluni. Mpango huu wa kulala mahekaluni, Templestay, ulianza na Kombe la Dunia la 2002, unabuku mtandaoni mapema, sisi tulilipa kama elfu 70 pamoja na milo. Unapewa suruali pana na kizibao, wanaume na wanawake vyumba tofauti. Kuingia ukumbini tumia mlango wa pembeni, ule wa katikati ni wa watawa wakuu, na viatu nje. Chakula hakina nyama, samaki, kitunguu wala kitunguu saumu, na unachopakua unamaliza mpaka punje ya mwisho. Uyoga wao wa kukaanga bado nauwaza.

Jua likizama watawa wanapiga vyombo vinne kwa zamu: ngoma kubwa kwa ajili ya wanyama wa nchi kavu, samaki wa mti kwa viumbe vya majini, bamba la chuma lenye umbo la wingu kwa ndege, na kengele kwa walio kuzimu. Watawa vijana wanapokezana ngoma bila mdundo kukatika, mmoja anaingia mwingine anatoka, mikono yao huioni.

Saa kumi alfajiri tumeamshwa, nyota bado zimejaa. Baada ya ibada, sala 108 za kusujudu, kila ukiinuka unatunga shanga moja kwenye uzi. Najua kuna watakaouliza habari ya dini. Hakuna anayelazimishwa. Dada ni Mkatoliki, alikaa pembeni kimya na rozari yake mkononi, mtawa akapita akaiona, akatabasamu, akamsogezea mto wa kukalia. Mimi nilisujudu kama mazoezi mwanzoni, ilipofika sitini na kitu nikaacha kuwaza ni nini. Mchile uzi ulimponyoka kwenye tisini, shanga zikatawanyika ukumbini kote, zinaruka kwenye mbao, tak tak tak, na katika ukimya ule sisi watatu tukashikwa na kicheko ambacho tulikuwa tunakimeza mpaka machozi. Mtawa alikaza uso, akatambaa kwa magoti kumsaidia kuziokota.

Alhamisi: Kurudi

Mwalimu alitusubiri stendi ya Daegu na mifuko mitatu ya gam zilizokaushwa, mkewe ndiye aliyezifunga, na karatasi yenye ramani aliyoichora kwa mkono, milima ya kusini tuliyoikosa, imepigiwa mistari kwa rangi tatu kulingana na ugumu. Ana mpango wa kuja kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame mwaka kesho kutwa na wenzake. Ameniambia nianze mazoezi.

KTX, treni ya mwendokasi, kutoka Dongdaegu mpaka Seoul haifiki masaa mawili, kama elfu 43, ukipanda basi ni karibu nusu bei ila masaa ni zaidi ya mara mbili ukijumlisha foleni za kuingia Seoul. Salio la T-money likiwa chini ya elfu 20 unarudishiwa kwenye maduka madogo, wanakata won 500 tu, wengi wanaondoka nalo bila kujua. Mchile alirudishiwa elfu nne na mia tatu, akatununulia kimbap moja ya jodari, tukaigawana watatu kwenye treni ya uwanja wa ndege.